Kilele Kimoja

Katika mji ule siku iliisha Mtulivu alipopiga miayo. Usiniulize iliwezekanaje, ndivyo mji ulivyokuwa. Jua lingeweza kuwa utosini, watu wamepanga foleni ya chapati, mwenye chapati ameshamimina mafuta, na mara kutoka ghorofa ya juu ya jumba la chokaa ukasikika mwayo mrefu. Basi. Chapati zikafunikwa, watu wakaingia ndani kulala, na aliyekuwa katikati ya kunyolewa ndevu akalala na shavu moja la mzee na jingine la mvulana. Zilikuwako siku ndefu kupita kiasi, zile ambazo Mtulivu alikuwa amekunywa kahawa nyingi, na zilikuwako siku zisizotosha hata kufunga vifungo vya shati. Machano, mpimaji mkuu wa mji, hakujua umri wake. Kwa hesabu ya miayo alikuwa kijana, kwa hesabu ya magoti yake alikuwa ameanza kuchakaa.

Wala usidhani watu wa mji ule walikuwa na majina yao. Majina yalikuwa mali ya mji. Yalitundikwa kwenye vigingi ndani ya banda karibu na soko, na kila kulipokucha watu walifika kurudisha la jana na kupewa la leo. Bi Zamzam, mgawaji, aliwakabidhi bila kuchagua, na jina lilikuja na vikorokoro vyake vyote: nyumba, sufuria, mke au mume, kikohozi, ugomvi na jirani. Ukishakunywa chai ya asubuhi, la jana limekutoka kichwani. Aliyeamka Kombo, fundi ngoma, kesho yake aliamka Pandu asiyependa kelele, akashinda akimlaani mshenzi aliyetengeneza ngoma zile. Watu walizoea. Waliokuwa na majina ya kudumu ni Bi Zamzam na Machano, kwa sababu ya kazi zao, na Mtulivu mwenyewe, kwa sababu alipimwa akaonekana amekamilika.

Maana njia ya kupata jina lisilorudishwa ilikuwa moja tu, kupimwa kichwa. Ndani ya jumba la upimaji kulikuwa na Pango, sumaku kubwa iliyotobolewa katikati kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, na mtu aliingizwa humo chali, kichwani amevikwa kofia ya nyaya. Kofia ile ilisikiliza fosforasi. Kila kichwa kina fosforasi, imefungwa ndani ya chembe za namna namna, na kila namna ina sauti yake. Kofia ilizinasa sauti hizo, mashine ikazichora kwenye kioo, mstari unaopanda na kushuka, kila namna na kilele chake. Lakini sauti yenyewe ni hafifu mno. Machano alilazimika kusikiliza, asikilize tena, azirundike sauti moja juu ya nyingine mpaka vilele vijitokeze kwenye ukungu. Ilikuwa kazi ya subira na ya makalio magumu.

Kando ya kila kichwa ililazwa chupa. Ndani yake mlikuwa na maji yaliyoyeyushiwa fosforasi ya kiasi kinachojulikana, ili mpimaji apate cha kulinganishia: chupa yasema hivi, kichwa chasema hivi, basi kichwani mna kadha wa kadha. Chupa ile iliitwa Shahidi. Ilivishwa kitambaa cheupe, ilifutwa vumbi kila asubuhi, na wageni wenye adabu waliiamkia. Kilele chake kilitokea pembeni kabisa mwa mstari, na Machano alipokwisha kulinganisha alikikata kama fundi cherehani akatavyo uzi uliozidi. Kwa muda wote aliofanya kazi ile hakuwahi kuitazama sura yake.

Alichokitazama, na mji mzima ukakitazama, ni kilele cha Mtulivu. Kichwa cha Mtulivu kilitoa kilele kimoja. Kimoja tu, chembamba, kirefu, kimesimama katikati ya mstari ulionyooka kushoto na kulia. Kilichongwa juu ya milango, kilitariziwa kwenye kofia, na mama wa maandazi aliyafinya maandazi yake katikati ili yafanane nacho. Maana yake, walisema, ni kwamba Mtulivu anawaza wazo moja tu tangu siku aliyopimwa, na wazo hilo ndilo linaloushikilia mji usianguke. Ni wazo gani? Hakuna aliyeuliza, maana kumuuliza kungekuwa kumtia wazo la pili.

Wengine wote walitoa vilele saba. Aingie mpishi, saba. Aingie mwalimu, saba. Aingie mtu ambaye mji mzima ulikubaliana kwamba kichwani mwake hamna kitu, saba vilevile. Kila mara Machano alitoka barazani, akawakabili ndugu wa aliyepimwa, akatamka neno moja alilofundishwa: "Bado." Nao wakaondoka wakifarijiana.

Sasa hapa pana jambo Machano hakumwambia mtu. Alivipenda vile vilele saba. Alipokuwa peke yake na kioo, aliviangalia kwa utamu ambao mpimaji wa serikali hapaswi kuusikia. Alikuwa amevisoma miaka mingi na kuvijua kimoja kimoja. Vitatu vilisimama kama ndugu wa tumbo moja, nao ni vya chembe itoayo nguvu, ile inayochomwa kila mtu anapowaza hata upuuzi. Kirefu kuliko vyote ni cha akiba, mkarimu, anayempa mtoa nguvu kila anapoishiwa. Kifupi ni cha fosforasi iliyokwisha kazi, inayosubiri kupandishwa tena kazini. Viwili vilivyobaki ni vya kuta, kimoja cha matofali yanayoingia, kimoja cha matofali yanayotoka. Na kilichomkosesha usingizi Machano ni hiki: hakuna kinachokaa. Chembe ya fosforasi iliyo kwenye akiba sasa hivi, kabla hujapepesa jicho imeshahamia kwa mtoa nguvu, imechomwa, imekwisha kazi, imerudi. Zinapokezana kaa la moto, mkono kwa mkono, hakuna anayelishika likamuunguza. Ukizitazama chembe, ndani ya kichwa hamna hata moja iliyo pale ilipokuwa. Ukitazama kioo, vilele ni vilevile, urefu uleule, kama vile hakuna aliyesogea. Basi mtu ni yule yule kwa sababu gani? Ni nani anayebaki, ikiwa kila kilichomo kimo njiani? Swali hilo lilimng'ata Machano akiwa mezani, akiwa chooni, akiwa anaamkiwa, na alilificha kama mtu anavyoficha soksi iliyotoboka.

Ndipo akatokea Siwatu. Siwatu alilipata jina lake kama wenzake, kwenye foleni, na lilikuja na kazi ya kushona vimito vya kutuliza kichwa cha mtu ndani ya Pango. Tofauti yake na wenzake ni kwamba kesho yake hakulirudisha. "Nimelifua, halijakauka," alimwambia Bi Zamzam. Siku nyingine akasema amemwazima jirani. Siku nyingine akasema mbuzi kalila, na Bi Zamzam, ambaye katika banda lile alikuwa na njaa ya kucheka, akamwacha aende zake. Kwa hiyo Siwatu alikuwa mtu wa ajabu katika mji ule, mtu aliyekumbuka jana. Alikuja na vimito vyake, akakaa kwenye dirisha la Machano, wakazungumza, na siku iliyofuata wakaendelea pale walipoishia. Machano hakuwahi kuendelea pale alipoishia na mtu yeyote. Mwanzoni jambo hilo lilimtia kizunguzungu, kisha likamtia ndoto, kisha akaona hawezi tena kula peke yake.

Lakini kigingi kitupu hakifichiki. Wazee wa mji wakahesabu, wakaona pengo, Bi Zamzam akaamriwa: jina Siwatu lirudi kukicha. Lililobaki la kumpa lilikuwa moja, Mwatime, na Mwatime alikuwa na mume. Mume mwenyewe hakuwa mbaya, alikuwa na mkoromo tu wa kutikisa vikombe. Ubaya ulikuwa kwingine. Akishalivaa jina hilo, akinywa chai, Siwatu atapita chini ya dirisha la Machano na kumwamkia kama anavyoamkiwa mpimaji wa serikali.

"Basi nipime," Siwatu alisema. "Kila mtu ana haki ya kupimwa mara moja, nami yangu sijaitumia."

"Utatoa saba."

"Ushanichungulia?"

"Kila mtu hutoa saba, Siwatu. Wewe ukitoa saba tu nitashukuru, naogopa utatoa kumi na nne."

Akamlaza. Akamvisha kofia ya nyaya, akamwekea vimito alivyovishona mwenyewe, akamlaza Shahidi kando ya sikio lake la kushoto.

"Usicheke," alimwambia. "Ukicheka kichwa kinatikisika, kikitikisika vilele vinavurugika."

"Sicheki."

"Unacheka."

"Kidole chako kinanitekenya sikio, bwana wewe! Haya, nimenyamaza. Nifanyeje sasa?"

"Waza kitu kimoja. Chochote. Waza maji."

Akamsukuma ndani ya Pango, akarudi chumba cha pili, akakaa mbele ya kioo. Sauti ya Siwatu ikamjia kupitia bomba la kusemea, na Machano hakuwa na moyo wa kuliziba.

"Maji. Nawaza maji. Maji tu. Maji ndani ya ndoo. Ndoo ipi? Ile ya bluu. Ile ina ufa, maji yatamwagika. Hapana, ufa hapana, tuache ufa. Maji hayana ndoo. Yamesimama tu. Yamesimamaje bila ndoo? Haya, yanatiririka. Yanakwenda wapi? Machano, maji yanakwenda wapi? Usinijibu. Maji. Mwatime anateka maji. Mumewe anakoroma, maji yanatetemeka ndani ya gilasi. Toka huko, Mwatime. Maji. Nikisahau uso wake nitakumbuka mikono, nikisahau mikono nitakumbuka ile kofia yake mbaya. Maji, maji, maji. Mbona nawaza samaki?"

Kwenye kioo, kutoka katika ukungu, vilele vilikuwa vinaota. Kimoja. Viwili. Machano aliona cha tatu kinanyanyua kichwa akafumba macho, maana hakutaka kuwa mtu wa kwanza kujua. Na alipofumba macho alijikuta humo ndani, akitembea katikati ya vilele kwa miguu yake. Mahali penyewe palikuwa na joto la jikoni. Watu wadogo wasio na majina walikuwa wakirushiana kaa la moto, na kila aliyelipokea alipiga ukelele wa furaha na kulirusha kwa mwenziwe, na hakuna aliyeuliza ni la nani. Mmoja akamrushia Machano. Akalidaka bila kufikiri. Lilikuwa jepesi, likamchoma kidogo kama mzaha, na alipolirusha alijisikia amekuwa mwingine na palepale ni yeye. Akataka kuwauliza lile swali lake, ni nani anayebaki, lakini walikuwa na shughuli nyingi, nao walimcheka kwa kusimama njiani.

Alipofumbua macho, kwenye kioo palikuwa na kilele kimoja.

Akayasugua. Kilele kimoja. Chembamba, kirefu, kimesimama katikati, na mstari umenyooka kushoto na kulia. Kile kile cha milangoni, kile kile cha kwenye maandazi. Machano aliinuka na kiti kikaanguka. Ukutani palikuwa na kengele ya kuutangazia mji kwamba amepatikana aliyekamilika, kengele ambayo haikuguswa tangu siku ya Mtulivu na ambayo buibui walikuwa wameihesabu kuwa yao. Akaivuta kwa mikono miwili. Akaivuta mpaka kamba ikamkatikia mkononi. Kisha akakimbia hadi kwenye Pango akapiga magoti na kupiga kelele ndani ya tundu:

"Umepita! Siwatu! Umepita, mpenzi wangu, umetoa kimoja!"

"Nimepita wapi?" sauti ikauliza nyuma yake.

Siwatu alikuwa amesimama mlangoni mwa baraza, anajifuta machozi ya kicheko kwa upindo wa kanga.

"Samahani," alisema. "Wale samaki walianza kunisemesha, nikaona nitakuharibia kazi. Nikatokea upande wa pili nikachekee nje. Nilikuwa narudi. Mbona umepiga kengele?"

Machano akatazama ndani ya Pango. Vimito vilikuwapo. Kofia ya nyaya ilikuwapo, imevuliwa. Na pale palipokuwa na sikio la kushoto palikuwa na Shahidi, amelala chali ndani ya kitambaa chake cheupe, ametulia kuliko mtu yeyote aliyewahi kulala mle.

Wote wawili waliitazama chupa; kumbe mashine ikipoteza kichwa huanza upya, na ikibaki na kilele kimoja hukiweka katikati ya kioo. Kisha Siwatu akachungulia kioo katika chumba cha pili. Kisha akatazama kilele kilichochongwa juu ya mlango. Machano alimwona akielewa, akaona jinsi kicheko kilivyomshika tumboni, kikampanda kifuani, akajibana midomo kwa heshima ya mahali, akashindwa.

"Chupa!" alisema, akakaa chini sakafuni. "Machano wee! Wametarizi chupa kwenye kofia!"

Machano hakucheka. Nje alisikia miguu. Mji mzima ulikuwa unakuja, na mbele ya miguu yote palisikika mkongojo, na wa jumba la chokaa tu ndiye aliyetembea na mkongojo wa aina ile.

"Nisikilize," alimwambia. "Kengele imeshalia. Kilele kipo. Nani atajua ulikuwa barazani? Nitakiandika ni chako. Utabaki na jina. Kesho utanijua, Siwatu, kesho kutwa utanijua, tutakuwa wazee na bado utanijua."

Kicheko kikamkauka Siwatu. Machano aliona hofu usoni mwake, na alijiona mnyonge kwa kuwa yeye ndiye aliyeitaja.

"Nataka kukukumbuka," Siwatu alisema hatimaye. "Mungu anajua ninavyotaka. Lakini watanitaka niwe hicho walichokichonga. Nisicheke, nisiwaze samaki. Niwe na wazo moja mpaka nife. Hata likiwa wewe, Machano, utanichosha."

Mlango ukafunguliwa. Watu wakaweka njia, na Mtulivu akaingia. Alikuwa mzee mfupi mwenye uso uliokazwa kama kitanda kilichotandikwa na mtu mkali. Akainua mkono. Watu wote wakarudi nje na mlango ukafungwa, akabaki yeye, Siwatu, na Machano aliyejibanza kando ya kioo.

"Shikamoo," alisema Siwatu.

Mtulivu alimsogelea karibu sana, akatazama kushoto na kulia, akamnong'oneza:

"Mwanangu, unafanyaje?"

"Nafanyaje nini, babu?"

"Kuwaza kimoja! Nifundishe. Nakuomba. Mimi sijaweza hata siku moja." Uso wake uliokazwa ukaanza kulegea pembeni. "Nikikaa kuwaza utulivu, nakumbuka kachumbari. Nikiiacha kachumbari, najiuliza kwa nini paka hukaa mlangoni asiingie wala asitoke. Namkumbuka dada yangu marehemu alivyokuwa akipiga mluzi na kuchapwa kwa ajili yake. Nina nyimbo mbili kichwani zinazogombana. Nimechoka, mwanangu. Miayo ile siyo usingizi. Kila nikiona mtu anataka kuniuliza ninawaza nini, napiga miayo ili siku iishe."

Siwatu na Machano walitazamana.

"Babu," Siwatu alisema polepole, "siku ile waliyokupima, ulikaa humo ndani mpaka mwisho?"

Mtulivu akatazama chini. Alizungusha mkongojo wake sakafuni.

"Nilikuwa nimekunywa madafu," alisema. "Madafu mengi. Nikatokea upande wa pili kwenda msalani. Niliporudi watu wanapiga vigelegele, wananibeba, wananiita amekamilika. Nilisema nitawaambia kesho. Na kesho, mnajua, iko mikononi mwangu. Nimekuwa nikiiahirisha."

Hapo Machano naye akashindwa. Kicheko kilimtoka puani kwanza, akajaribu kukigeuza kuwa kikohozi, kikakataa. Siwatu akamfuata. Mtulivu aliwatazama wawili hawa wanaocheka mbele yake, jambo ambalo sheria haikuwa imeliwekea adhabu kwa sababu haikulifikiria, kisha mabega yake mwenyewe yakaanza kupanda na kushuka. Alicheka vibaya, kama mtu anayefungua mlango uliovimba kwa mvua. Alicheka mpaka akahitaji kushikwa.

"Ingia upimwe, babu," alisema Siwatu.

"Nikitoa vingi?"

"Utakuwa umetoa vingi."

Mzee alifikiri, na kwa mara ya kwanza hakuficha kwamba anafikiri. Kisha akampa Machano mkongojo wake na kulala chali. Machano akamvisha kofia ya nyaya. Akageuza kioo kikaelekea dirishani, akafungua dirisha, na mji mzima, kuanzia mama wa maandazi hadi aliyekuwa Kombo siku ile, ukajaza vichwa pale kutazama.

Ilichukua muda, maana fosforasi haina haraka ya kusikika. Ukungu ulikuwa ukungu. Kisha kikaja kirefu cha akiba, kisha wale ndugu watatu, kisha kifupi cha waliokwisha kazi, kisha vya kuta. Saba. Pembeni kabisa kikasimama cha nane, cha chupa, na safari hii Machano hakukikata. Watu wakakitazama. Wakatazama milango yao. Mmoja mmoja wakavua kofia zao na kuzitazama nazo. Kimya kile kingeweza kugeuka kuwa chochote, na Machano aliogopa, kwa sababu umati uliodhihakiwa muda mrefu una haki ya kukasirika na yeye ndiye aliyesimama karibu.

Akatoka barazani. Hakuwa na neno jingine la kutoka nalo.

"Bado," alisema.

"Bado nini?" akauliza mama wa maandazi.

Hakuna aliyewahi kuuliza.

"Sijui, mama," Machano alisema. "Nilifundishwa neno hilo tu."

Mama wa maandazi ndiye aliyeanza kucheka, naye alikuwa mtu mnene, kicheko chake kikawasukuma waliomzunguka, nao wakawasukuma wengine. Kutoka ndani ya Pango, kupitia lile bomba, sauti ya Mtulivu ikasikika ikiwaambia kila mtu abaki na jina alilonalo leo, na kwamba anaomba kachumbari. Watu wakashangilia. Aliyekuwa Pandu siku ile alilalamika kwamba jina lake lina jino bovu na hakukubali liwe lake milele, lakini hakuna aliyemsikiliza. Siku ile Mtulivu hakupiga miayo. Jua liliteremka lenyewe, taratibu, likabadilika rangi, na watu waliokuwa hawajawahi kuliona likifika chini wakakaa vibarazani kulitazama, wengine wakiulizana kama kuna mtu wa kulizuia.

Asubuhi Machano alipita bandani. Alipita kwa starehe tu, kama mtu aendaye kutazama kidonda kilichopona. Bi Zamzam alikuwa amekaa na uzi wake wa kutundikia majina, bila kazi ya kufanya, na nyuma yake, kwenye kigingi kilichokuwa kitupu muda wote ule, lilikuwa limetundikwa jina Siwatu.

"Amelileta alfajiri," alisema Bi Zamzam, naye hakuwa akicheka. "Nilimwambia si lazima tena. Akalitundika akaondoka. Sikumwona akichukua jingine."

Katika mji ule hakuna aliyewahi kukaa bila jina hata kwa muda wa kuvuka njia. Walisema mtu kama huyo hutawanyika. Machano hakukumbuka alivyokimbia. Alimkuta amekaa kwenye mkeka mlangoni mwake anapepeta mchele, na hakuinua macho aliposimama mbele yake. Kikombe cha chai kilikuwa kando yake, kitupu. Amekwisha kuinywa.

"Kwa nini?" alisema. "Tulikuwa tumeruhusiwa."

"Ndiyo maana." Aliendelea kupepeta. "Jana lilikuwa jina la kung'ang'ania, nikaling'ang'ania. Leo hakuna anayeninyang'anya. Nikasema ngoja nilivue, nione nani anabaki."

"Na nani amebaki?"

"Waniuliza mimi? Wewe ndiye mpimaji." Akaweka ungo chini. Bado hakumtazama. "Niite, uone."

Machano akafungua mdomo. Alitafuta, na hapakuwa na kitu cha kumwitia, majina yote ya mji yalikuwa kwenye vigingi au vichwani mwa watu wengine. Alisimama pale, mpimaji mkuu, mikono imemning'inia, na alichokuwa nacho kilikuwa pumzi tu.

"We!" alisema.

"Abee," akaitika, akasogea upande mmoja wa mkeka ili apate pa kukaa.